Mwenyeji Aliyewapisha Wageni Wake

Santuri ya Jazz Sahara ilirekodiwa New York mwezi wa Oktoba 1958. Mwenye santuri alikuwa mpiga besi, Ahmed Abdul-Malik, mzaliwa wa Brooklyn, umri wake miaka 31, na kampuni iliyoitoa ni Riverside. Wakati huo na mimi nilikuwa Brooklyn, baharia kutoka Unguja niliyeshuka melini nikaamua kukaa, nikiosha vyombo katika mkahawa wa Mlebanoni mmoja pale Atlantic Avenue. Studio sikuingia. Lakini klabu alimokuwa akipiga Abdul-Malik niliingia, mitaa ya mji aliokulia niliipita kwa miguu, na muziki alioualika ndani ya santuri yake nilikuwa nausikia kupitia mlango wa jikoni. Wengi waliokuwapo wameshatangulia mbele ya haki. Na kila nikisoma habari za zama zile naona wanatajwa wapiga piano na wapiga saksofoni, mpiga besi anawekwa mwisho kabisa, pamoja na jina la studio. Jambo hilo limenikaa rohoni miaka mingi.

Waarabu wa New York, wengi wao Wakristo wa Syria na Lebanoni, zamani walikaa Washington Street, ncha ya kusini ya Manhattan. Miaka ya 1940 ilipochimbwa njia ya chini ya maji ya kwendea Brooklyn, nyumba nyingi za mtaa ule zilivunjwa, na watu ambao walikuwa wamekwisha kuanza kuvuka wakavuka kwa wingi zaidi. Nilipofika mimi, Atlantic Avenue ilikuwa yao. Magunia ya dengu na bizari mlangoni, mapipa ya zeituni, tende, halua ya ufuta, kahawa inayokaangwa asubuhi. Kwa mtu aliyezaliwa Malindi ya Unguja hakukuwa na ugeni mkubwa. Kiarabu changu kilikuwa cha chuoni, cha kusoma zaidi kuliko kusema, na mwenye mkahawa alikuwa akicheka kila nikitamka maneno kama katika khutba. Lakini tulielewana. Aliniita mwanangu, na siku ya Ijumaa aliniachia saa mbili niende kuswali ingawa yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kanisani.

Msikiti ulikuwa karibu, State Street nambari 143, nyumba ya ghorofa kama nyumba nyingine za mtaa ule, ukiongozwa na Sheikh Daoud Ahmed Faisal. Safu za pale sijaziona tena mahali pengine. Mabaharia wa Yemen walioshuka gatini asubuhi hiyo, watu wa visiwa vya Karibi, Wamarekani weusi waliosilimu, mimi Mzanzibari. Miaka hiyo wanamuziki wa jazi waliosilimu walikuwa wengi mjini New York: Sahib Shihab, Idrees Sulieman. Kijana mmoja niliyezoea kuswali ubavuni mwake, mfanyakazi wa posta na mpenzi mkubwa wa jazi, ndiye aliyenifungulia njia. Siku moja tunavaa viatu akaniuliza kwetu wanapiga muziki gani. Nikamwambia ami yangu anapiga fidla, na wenzake wanapiga udi na ganuni. Akasimama na kiatu kimoja mkononi. Akasema, "Ndugu, lazima nikupeleke umsikie Malik."

Akanipeleka Five Spot, Cooper Square, kiangazi cha 1958. Ilikuwa baa nyembamba, moshi mtupu, mabango ya maonyesho yamebandikwa ukutani, wachoraji na wanafunzi wamebanana kwenye viti vidogo. Nilikunywa soda usiku kucha na hakuna aliyenishangaa. Bendi ilikuwa ya mpiga piano Thelonious Monk. Saksofoni alishika Johnny Griffin wa Chicago, mtu mfupi mwenye pumzi ya ajabu na vidole vya haraka kupita kiasi. Dramu alipiga Roy Haynes. Nyuma, kwenye besi kubwa la kusimama, alikuwa Ahmed Abdul-Malik.

Sikuujua muziki ule na sitajifanya kwamba niliuelewa usiku wa kwanza. Nilichokielewa ni kazi ya besi, kwa sababu ya tabia moja ya Monk ambayo kila aliyefika Five Spot anaikumbuka. Katikati ya wimbo alikuwa akiacha piano, anasimama, anazunguka zunguka na kucheza mwenyewe pale jukwaani, huku Griffin anaendelea. Piano ikinyamaza hivyo, kodi zote, yaani zile sauti zinazopigwa kwa pamoja, zinaondoka. Mpiga saksofoni amebaki juu, hana ukuta wa kuegemea. Anayemwambia yuko wapi katika wimbo, amefika kifungu gani, ageuke wapi, ni besi peke yake. Nilikaa karibu na jukwaa nikiutazama mkono wa kulia wa Abdul-Malik. Vidole viwili vilivuta nyuzi nene, na nyuzi zikirudi ziliacha mtetemo uliopita sakafuni mpaka kwenye mguu wa kiti changu. Hakuharakisha, hakujipamba. Griffin alikuwa akimwaga sauti elfu juu yake, naye anaweka moja, nyingine, nyingine, kila moja mahali pake. Riverside walirekodi maonyesho yale mwezi wa Agosti, na santuri mbili zilitoka, Misterioso na Thelonious in Action. Anayetaka kujua ninachosema azisikilize pale piano inaponyamaza.

Hiyo ndiyo shule aliyotoka nayo kwenda kurekodi santuri yake mwenyewe mwezi wa Oktoba. Na ilikuwa shule nzito: kiangazi kizima na Griffin bega kwa bega, na mwaka uliotangulia na mpiga saksofoni John Coltrane katika bendi hiyo hiyo ya Monk.

Upande wa pili wa santuri ile, ule wa Kiarabu, niliujua zaidi, maana ulinijia kupitia masikio ya utotoni. Waarabu wa Brooklyn walikuwa na hafla zao, za harusi, za kuchangia kanisa, za kumuaga msafiri. Mwenye mkahawa alikuwa akipika chakula cha hafla hizo, nasi tukibeba masinia. Mara ya kwanza nilipoingia ukumbini na sinia la wali begani nikasikia ganuni, nilisimama pale pale hadi mwenzangu wa nyuma akanisukuma kwa kiwiko. Sikuwa nimeisikia tangu nilipoondoka nyumbani.

Mpigaji alikuwa mzee aliyeilaza ganuni mapajani. Kwenye kila kidole cha shahada alivaa pete ya chuma, na chini ya pete amechomeka kijiti chembamba cha pembe cha kuchomolea nyuzi. Nyuzi za ganuni hupita 70, zimepangwa tatu tatu, kila tatu kwa sauti moja. Upande wa kushoto wake pana vikonyo vidogo vya chuma. Mpigaji anavinyanyua na kuvilaza kwa mkono wa kushoto, wimbo ukiwa unaendelea, na hapo ndipo zinapopatikana zile sauti za robo ambazo piano haina mahali pa kuziweka. Mkono ule wa kushoto una kasi ambayo macho hayaifuati. Ami yangu alikuwa akisema mpiga ganuni ana mikono mitatu. Nilimtazama yule mzee wa Brooklyn nikamkumbuka ami, na kazi ya masinia usiku huo niliifanya vibaya.

Kwa msomaji asiyetoka Unguja niseme kidogo. Ganuni kwetu ina historia ndefu. Sultani Barghash alipopendezwa na muziki wa Misri, alimpeleka Mohamed bin Ibrahim Cairo akajifunze ganuni, na akarudi kuwafundisha wengine. Mwaka 1905 ikaundwa Ikhwani Safaa, na kutoka hapo taarab ya Unguja ikashika njia yake. Kwa hiyo watu wa kisiwa changu walishajua, kabla sijazaliwa, maana ya kuleta chombo cha wageni nyumbani kikakaa mpaka kikawa cha wenyeji.

Abdul-Malik naye alifanya vivyo hivyo kwa jirani zake wa Brooklyn. Alikuwa amejifunza udi na kuzoea maqamu, ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, na alikuwa rafiki wa utotoni wa mpiga piano Randy Weston. Weston mwenyewe amesimulia jinsi Malik alivyokuwa akimchukua kwenda kusikiliza ganuni na udi katika sehemu za Waarabu mjini kwao. Ilipofika nafasi ya kurekodi kwa jina lake, hakuwaita wapiga jazi watano akawapa nyimbo zenye majina ya jangwani, kama wengine walivyofanya. Alikwenda kuwachukua wenyewe. Fidla alipiga Naim Karacand, mzaliwa wa Aleppo, mtu wa makamo ya babu, ambaye alikuwa akirekodi santuri za Kiarabu New York tangu miaka ya 1910. Ganuni alipiga Jack Ghanaim. Dumbaki alipiga Mike Hemway. Dufu alipiga Bilal Abdurrahman. Kutoka upande wa jazi aliwaita wawili tu, Johnny Griffin kwa saksofoni na Al Harewood kwa dramu. Yeye mwenyewe alishika besi na udi.

Santuri niliinunua kwa pesa za wiki nzima za chakula, pamoja na yule rafiki wa posta, maana gramafoni ilikuwa yake. Tuliiweka chumbani kwake, ghorofa ya juu, mlango umefungwa ili mwenye nyumba asilalamike. Ina nyimbo nne tu, ndefu zote, na majina yake ni ya Kiarabu. Nilimfasiria Ya Annas, enyi watu. Nikamfasiria Isma'a, sikiliza.

Nilichokisikia ndicho ninachotaka kukishuhudia leo. Katika jazi ya Monk, besi hutembea, kodi zinageuka kila baada ya muda mfupi, na mpiga besi lazima azifuate zote bila kukosa. Muziki wa maqamu hauna kodi. Una kituo, sauti moja ya nyumbani, na fidla au ganuni huondoka hapo, huzunguka, hupanda, hukaa juu kwa muda, kisha hurudi. Mpiga besi aliyelelewa katika jazi, tena aliyetoka kwa Monk, angeweza kuwajazia wale wazee kodi ambazo hawakuziomba. Abdul-Malik hakufanya hivyo. Alikishika kituo. Alikaa kwenye sauti chache, akazirudia kwa mwendo uliofungamana na dumbaki na dufu, akawaachia Karacand na Ghanaim uwanja wote. Kuna mahali katika santuri ile vyombo vya Kiarabu vinashika njia yao wenyewe kabisa, bila haraka, kama vile Marekani haiko nje ya dirisha. Kisha kuna mahali Griffin anapita na saksofoni yake, na besi linaanza kutembea, na dramu ya Harewood inafunguka, na mtu unajua uko New York. Mlango kati ya vyumba viwili hivyo ni besi. Hakuna mwingine katika watu saba wale aliyeweza kukaa pande zote mbili.

Nawasikia watu wakisema kwamba pande hizo mbili hazikuyeyuka zikawa kitu kimoja, na wanalitaja kama kasoro. Mimi naliona ndilo jambo la heshima kuliko yote katika santuri ile. Karacand hakuombwa apige jazi. Alipiga alivyopiga maisha yake yote. Griffin naye hakuigiza Uarabu, alichukua ngazi ya sauti aliyopewa akasema nayo kwa lafudhi ya Chicago. Santuri iliyokuja baadaye, East Meets West, aliyoifanyia kampuni ya RCA Victor mwaka 1959, ilikuwa na wageni wengi zaidi na wenye majina makubwa zaidi: Lee Morgan kwa tarumbeta, Curtis Fuller kwa tromboni, Benny Golson kwa saksofoni, pamoja na Griffin na Karacand tena. Nayo ni nzuri. Lakini nyimbo ni fupi, wageni wamejaa ukumbini, kila mmoja anasalimu na kupisha mwenzake kabla hajakaa. Kwa sikio langu Jazz Sahara inaizidi, kwa sababu mle mgeni alipewa muda.

Na kumbukeni ilikuwa mwaka 1958. Wanapoeleza jinsi jazi ilivyoanza kuachana na msongamano wa kodi ikakaa kwenye ngazi moja ya sauti, watu hutaja Kind of Blue ya Miles Davis, na wana haki, ni santuri kubwa. Hiyo ilirekodiwa Machi na Aprili 1959. Mpiga besi wa Brooklyn na wazee wake wa Kiarabu walikuwa wamekwisha kupita njia hiyo miezi mitano kabla, wakitokea upande mwingine.

Niliinunua nakala ya pili nikampa baharia mmoja wa Kihadhrami aliyekuwa akipanda meli ya Aden, aitafutie njia ya kufika Unguja. Ilifika salama, Mungu amrehemu popote alipo. Baada ya miezi mingi nikapata barua ya ami. Waliisikiliza nyumbani kwa mtu mwenye gramafoni nzuri, wakubwa kadhaa wa taarab wamekaa mkekani. Ami aliandika kwamba mwenye fidla ni fundi asiyetiliwa shaka, ganuni imetulia, dufu ni la mtu aliyelizoea, na yule wa saksofoni anapiga kama nahodha anayewahi maji yasimkupwie bandarini. Kisha, mwisho kabisa wa barua, chini ya salamu za watoto, akauliza: "Yule wa sauti nene ni nani? Mbona wote wanamwegemea yeye?"

Nilimjibu kwa kurasa tatu. Zama hizo vikundi vya Unguja vilikuwa vinaongeza vyombo kwa mfano wa okestra za Misri, fidla nyingi, selo, besi, kwa hiyo swali lake halikuwa la kupitisha wakati. Walikuwa wanatafuta besi likae wapi katika taarab. Leo hakuna okestra kamili ya taarab Unguja isiyokuwa na besi la kusimama, na mahali pake ni pale pale, chini, kwenye kituo.

Katika barua ile nilimweleza ami kwamba mwenye santuri ni mtoto wa Msudani. Ndivyo Abdul-Malik mwenyewe alivyokuwa akijieleza, ndivyo ilivyoandikwa, na ndivyo wote wa msikitini tulivyojua. Miaka mingi baadaye mwanahistoria Robin Kelley alifuatilia nyaraka akaeleza katika kitabu chake cha mwaka 2012, Africa Speaks, America Answers, kwamba alizaliwa kwa jina la Jonathan Tim, na wazazi wake walitoka kisiwa cha St. Vincent, Karibi. Nimewasikia wanaolitumia jambo hilo kumpunguzia hadhi. Sikubaliani nao hata kidogo. Mtu mweusi wa Marekani ya zama zile, ambaye shule ilimfundisha kwamba Afrika haina kitu, aliamka akasema baba yangu ni wa Sudan, kisha akajifunga akajifunza lugha, dini na udi mpaka wazee wa Aleppo wakakubali kukaa naye studio moja. Sisi wa pwani tunajua vizuri watu wanavyochagua nasaba. Wengi wetu tumechagua kwa sababu ndogo kuliko hiyo, na hatukujifunza hata kupiga dufu.

Rafiki yake Randy Weston alikwenda hatua nyingine, nami nikaiona pia. Novemba 1960, mwaka ambao nchi 17 za Afrika zilipata uhuru, Weston aliingia studio na okestra kubwa kurekodi Uhuru Afrika. Upangaji wa muziki ulifanywa na Melba Liston, mwanamke mpiga tromboni. Maneno aliandika Langston Hughes. Wapiga besi walikuwa wawili, George Duvivier na kijana Ron Carter, aliyekuwa na miaka 23. Dramu alikuwemo Max Roach, na kwenye ngoma Babatunde Olatunji wa Nigeria na Candido na Armando Peraza wa Cuba. Weston alitaka lugha ya Kiafrika ndani ya kazi hiyo. Aliwauliza Waafrika waliokuwa Umoja wa Mataifa, wakamwelekeza kwenye Kiswahili. Aliyeyatia maneno ya Hughes katika Kiswahili na kuyasema ndani ya santuri ni Tuntemeke Sanga wa Tanganyika, aliyekuja baadaye kuwa mbunge wa Makete.

Rafiki wa posta ndiye aliyeileta. Alipanda ngazi za kwangu anahema, santuri imo ndani ya koti isinyeshewe mvua, akaniambia, "Ndugu, nadhani huyu anasema lugha yenu." Tukaiweka. Sauti ya mtu wa bara, imetulia, Kiswahili fasihi, na neno uhuru linatajwa katika chumba cha Brooklyn ambacho majirani wote walikuwa hawajui kama lugha hiyo ipo. Tanganyika ilikuwa bado haijawa huru. Unguja na Kenya zilikuwa mbali zaidi. Jirani wa chini alipanda kuuliza tunasikiliza nini, akakaa. Mkewe akaja. Nikawa naifasiri sentensi moja moja, santuri inasimamishwa, inarudishwa, inasimamishwa, mpaka sindano ikaanza kukwaruza. Sijawahi kujiona mtu mwenye lugha ya maana kama usiku ule. Mwaka 1964 makaburu wa Afrika Kusini waliipiga marufuku santuri hiyo nchini mwao, na mimi naihesabu marufuku ile kuwa cheti cha sifa.

Besi la Uhuru Afrika halikushikwa na Abdul-Malik, na sina haja ya kulazimisha jina lake pasipo mahali pake. Lakini aliyemfungulia Weston masikio kuhusu muziki wa upande huu wa dunia alikuwa yeye, tangu walipokuwa vijana, na Weston hakuacha kulisema hilo mpaka alipofariki mwaka 2018.

Abdul-Malik aliendelea kualika. Mwaka 1964 alirekodi Spellbound, nyimbo za sinema nyingi kati yake, na safari hii udi alimpa mwenyewe halisi, Hamza El Din, Mnubi, aliyekuwa ndiyo kwanza anajulikana Marekani. Fidla na kornet alimpa Ray Nance, mtu wa bendi ya Duke Ellington. Yeye akabaki na besi lake. Mtu aliyehangaika miaka kujifunza udi, akautia katika santuri zake mwenyewe, siku aliyompata fundi wa udi kutoka mto Nile alimpisha kiti. Kwangu mimi hilo linamweleza kuliko wasifu wowote.

Baadaye alifundisha muziki, jina likapungua magazetini, na akafariki mwaka 1993. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani zamani. Mwaka 2005 zikapatikana katika Maktaba ya Bunge la Marekani kanda za onyesho la Carnegie Hall la tarehe 29 Novemba 1957, bendi ya Monk na Coltrane, na dunia ya jazi ikasimama. Mjukuu wangu alinitafutia. Nilisoma kila kilichoandikwa juu yake nilichoweza kukipata, kurasa kwa kurasa za Monk na Coltrane, na wanastahili. Mpiga dramu, Shadow Wilson, alipata mistari miwili. Mpiga besi, Abdul-Malik, akapata jina lake tu. Lakini wekeni kanda ile, mpandishe sauti za chini, msikilize nani anawashikilia wawili wale wasipotee.

Rai yangu naielekeza kwa vijana wanaojifunza ganuni, udi, fidla na besi pale Unguja, katika Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi na katika vikundi vya mitaani. Itafuteni Jazz Sahara, siku hizi haihitaji baharia wa kuibeba. Isikilizeni mara ya kwanza kwa ajili ya Karacand na Ghanaim, na mara ya pili kwa ajili ya besi peke yake. Na mtakaporekodi na wageni, wa jazi au wa muziki wowote, wapeni nafasi ya kupiga kwa lafudhi yao, na kwenye jalada andikeni jina la kila aliyepiga, mpaka wa dufu.